Miungu ya Wazungu Ukutani kwa Mama

Unga wa ngano ukichemshwa kwa maji mengi, bila chumvi wala sukari, hutoa harufu ya kitu kilichotaka kuwa chakula kikakatazwa. Hiyo ndiyo harufu ya gundi ya mama yangu. Kila mwaka, mvua kubwa zilipoanza na baridi ya Eldoret ilipokumbuka njia ya kuingia kwetu, mama alikoroga sufuria nzima ya gundi hiyo juu ya jiko la makaa, akatia vijiko viwili vya mafuta taa ili mende wasije wakaula ukuta, kisha akatuita mimi na wadogo zangu wawili tumshikie karatasi. Tuliishi Munyaka, katika nyumba ya mabanzi, yaani vile vipande vya nje vya gogo, vyenye maganda, ambavyo mwenye kiwanda cha mbao huviona takataka. Kati ya banzi na banzi palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, na baridi ya Julai haihitaji nafasi kubwa kama hiyo. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuwa na uwezo wa kujenga ukuta, kwa hivyo tuliziba, mwaka baada ya mwaka, kwa magazeti makuukuu tuliyopewa na Mama Wanjiru mwenye duka la pembeni. Kufikia nilipoingia darasa la tano, ukuta wetu ulikuwa na unene wa habari za miaka mingi.

Mwaka ninaousimulia, Mama Wanjiru hakuwa na magazeti ya kutupa, kwa kuwa alikuwa ameanza kufungia wateja sukari na dagaa wa omena kwa karatasi hizo hizo. Baba ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja kubwa ng'ambo ya mto Sosiani, nyumba ya mzungu mzee na mkewe ambao siku hizo walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Wazungu wakihama huacha vitu vya ajabu. Mpishi alipewa friji, yaya akapewa godoro, na baba, ambaye alikuwa amewapandia maua kwa miaka kumi na mmoja, akapewa kasha la karatasi. Ndani mlikuwa na majarida ya zamani ya watoto wao: katuni za Marekani, nyingine zimemzidi baba umri, kurasa zimegeuka njano pembeni lakini rangi za katikati bado zinang'aa, nyekundu, samawati na dhahabu. Baba alilitua kasha mlangoni akasema, "Hii ndio pension yangu. Sasa bandikeni." Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu tangu mwaka ule vicheko vya namna hiyo vilitupungukia sana.

Nilipata siku nne za kuyasoma majarida yale kabla gundi haijayafikia. Nilikuwa nakijua Kiingereza, au nilidhani nakijua, na kwa mtoto wa darasa la tano hayo mawili ni mamoja. Nililala kifudifudi kitandani mvua ikigonga mabati, nikaingia katika miji ya maghorofa ambako miungu ya kale ya Wayunani, ya Warumi na ya watu wa nchi za barafu ilikuwa imeshuka kutafuta la kufanya. Mmoja, mwenye mabawa madogo kwenye viatu na mengine kwenye kofia, aliwakimbiza wezi wa benki akawapita, kisha akalazimika kurudi nyuma kuwakamata. Mungu wa vita alivaa suti yenye mistari na kuwauzia majambazi bunduki. Mwingine mwenye ndevu nyekundu alirusha nyundo na kuita radi. Wa baharini alitoka majini na mkuki wa meno matatu, akilalamikia kelele za meli. Baba yao wote aliketi juu ya mawingu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, akimwogopa mkewe. Ukubwani nilikuja kuelewa kwamba wachoraji wa kwanza wa mashujaa waliichukua miungu ile kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Mahekalu yalikuwa yamefungwa, makuhani wamekufa, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kukasirika. Lakini utotoni niliona jambo jingine: miungu ile ilikuwa wahamiaji kama sisi. Ilikuwa imetoka kwao, kazi ya zamani imekwisha, imefika mji wa watu na kushika kazi yoyote iliyopatikana. Baba naye alikuwa mwana wa mwenye shamba kule magharibi, na huku alikata nyasi za mtu.

Mama hakuwa na habari ya hayo. Aliacha shule darasa la pili, alipotakiwa nyumbani kulea watoto wa mamake, na Kiingereza kwake kilikuwa alama tu za wadudu waliokanyaga wino. Alichokijua ni Biblia ya Kiswahili, tena kwa moyo, kwa kuisikia ikisomwa, na ndiyo iliyomwongoza katika kubandika. Alipoona mabawa alisema, "Malaika," akampeleka yule mkimbiaji chumbani, upande wa kitanda chake. Mzee wa mawinguni aliwekwa sebuleni juu kabisa, juu hata ya kalenda yenye picha ya rais, na mama akatuonya tusipige makelele mbele yake. Mwenye nyundo, mama alimtazama kwa muda, akageuza kichwa, akasema, "Huyu ni fundi. Lazima ni Yusufu." Mwanamke mmoja mwenye taji na ngao akawa Malkia Esta. Yule maskini wa baharini, kwa sababu ya mkuki wake wa meno matatu, alitambuliwa papo hapo kuwa Shetani, akabandikwa nyuma ya jiko apate moshi. Nilikunja tumbo kwa kicheko nilichokizuia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na ukuta ule ulikuwa kipya hasa: kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho majirani walitaka kukiona. Mama Wanjiru alikuja na aproni yake, akazunguka vyumba vyote viwili akishika kiuno. "Haki, Mama Nafula," alisema, "hii nyumba imekuwa smart kushinda kanisa ya Father!"

Kisha mama akaniuliza swali lililoanzisha yote. Ilikuwa asubuhi, kabla sijaenda shule, nikivaa soksi kwenye kona ya kitanda. Aliweka kidole juu ya kile kiputo cheupe kilichotoka kinywani mwa mwenye mabawa. "Nafula, huyu anasema nini?" Nilijua alichosema, nilikuwa nimekisoma mara tano. Nilimtazama mama, mikono yake ikiwa bado na gundi iliyokauka kwenye kucha, macho yake yakiwa na shauku ya mtoto anayengoja zawadi, nikaona kwamba nikimwambia ukweli nitaiharibu nyumba nzima. Nikasema, "Anasema, Usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe." Mama alifumba macho akaitikia, "Amina." Kesho yake akaniuliza wa nyundo anasemaje, nikamtafutia mstari. Siku iliyofuata, Esta. Nilikuwa hodari wa mistari, nilikuwa nimepata sabuni ya kuogea kama zawadi katika mashindano ya watoto kanisani, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimewatilia wote maneno vinywani. Sitajisingizia kwamba ilikuwa huruma peke yake. Nilifurahia pia kuwa na siri inayonifanya mkubwa kuliko mama yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na maua pande zote, nikaitembea bila haraka.

Ili msomaji apime nilichokuwa nikikichezea, lazima nieleze mama alikuwa nani kabla ya kuwa mama. Babake alikuwa na kijumba cha nyasi mbele ya boma, kidogo, cha kufika magotini, alikozungumza na Wele, Mungu wa watu wetu, na pia na wazee waliokufa. Mama alipobatizwa akiwa msichana, wa kwanza katika boma lile, waliomfunza walimwambia dini mbili hazikai katika moyo mmoja. Akatoka kanisani na gauni jeupe la ubatizo, akakivunja kijumba kile kwa mikono yake, babake akimtazama. Mzee hakumpiga. Alimwambia tu kwamba yeye hatakula tena chakula cha binti huyo, na kweli, mpaka anakufa, hakula. Mama alipotuhadithia jambo hili hakujisifu wala hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya shamba alilokwisha kulinunua. Alipoolewa na kuletwa Eldoret, ambako hakuwa na shangazi wala binamu, kanisa likawa ukoo wake. Mhamiaji bila kanisa, alituambia, ni mtu asiye na wa kumzika. Alifagia kanisa Jumamosi, akawapikia wageni wa kanisa, akawatembelea wanawake waliojifungua hospitalini, na mwaka ule akina mama walikuwa wamelipendekeza jina lake awe shemasi. Baba, ambaye alikwenda kanisani Krismasi na siku za harusi, alimtania kwamba akishapata cheo atamtoza yeye faini ya kukoroma. Mama alinunua kitambaa cheupe cha kichwa akakihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni.

Habari za picha zilienea kama kawaida ya habari. Akina mama wa kikundi cha maombi wakaomba kukutana kwetu, wakaja Alhamisi mbili mfululizo, na mama akawaonyesha malaika na maneno yake. Penye wengi pana mengi. Sijui ni nani aliyelibeba jambo lile mpaka kwa Mzee Simiyu, mzee wa kanisa, mtu wa koti zito na kikohozi cha kutangulia hodi. Alhamisi ya tatu alikuja yeye mwenyewe, pamoja na mwinjilisti mgeni kutoka mji mdogo wa Ziwa, kijana aliyekuwa ametoka chuo cha Biblia juzi tu. Mama alidhani wamekuja kuona nyumba ya shemasi mtarajiwa. Alipika chapati, akatandika kitambaa cha mezani, na baada ya chai akawapeleka chumbani kwa fahari. "Nafula," aliniita, "hebu njoo usomee wageni maneno ya huyu malaika."

Nilisimama mbele ya ukuta. Mwinjilisti alikuwa ameshika mikono nyuma, shingo mbele, na niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa akisoma Kiingereza mwenyewe. Nikajua kwamba mstari wangu wa Isaya, ule wa Usiogope, hautanisaidia tena. Hapo ningeweza kusema nimesahau, ningeweza kukohoa, ningeweza hata kukimbia kama mtoto yeyote aliyebanwa. Lakini mwinjilisti aliniambia kwa upole, "Soma tu, msichana, tuone shule inakufunza nini," na mimi, mpumbavu wa kusifiwa, nikasoma. Nilisoma kwa sauti safi, sentensi kwa sentensi, na kila moja nikaigeuza Kiswahili kama tulivyofunzwa darasani: "Mimi ni mungu wa wasafiri, wa wafanyabiashara na wa wezi. Hekalu langu limeanguka, lakini mbio zangu bado ninazo." Mama alikisogelea kile kiputo.

"Wa wezi?" aliuliza.

"Hii ni miungu, mama," mwinjilisti alisema. "Miungu ya zamani ya Warumi. Hata huyo mzee wenu wa pale sitting room si Mungu Baba. Huyo ako na bibi na watoto wa nje."

"Nani alikuambia huyu ni malaika?" Mzee Simiyu aliuliza.

Mama akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyoutazama mlango aliojua ameufunga akaukuta wazi, na nikangoja aseme jina langu, nikalingoja kama kiboko. "Hakuna mtu," alijibu. "Niliona tu mabawa."

"Hata kumbikumbi iko na mabawa," mwinjilisti alisema, akatabasamu kidogo kwa utani wake mwenyewe.

"Na umekuwa ukiomba hapa mbele yake?" Mzee Simiyu aliendelea.

Mama hakujua kusema uongo; kazi hiyo nilikuwa nimeichukua mimi. "Ninaomba hapa kila asubuhi, Mzee," alisema. "Napiga magoti hapa kwa sababu ndipo kuko na nafasi. Kwingine ni vitanda."

Baada ya kuondoka kwao mama hakuniuliza neno. Alichukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua ukuta, na alikuwa amezibandika picha vizuri mno hata hazikutoka ila vipande vipande, mkono hapa, kiatu pale. Nililia nikimsaidia. Nilidhani analia pia, lakini nilipomchungulia nikamwona mkavu. Jioni baba aliporudi akakuta mabanzi wazi na baridi imejaa ndani, alitukana, akasema kanisa ambalo halina mabati ya kutosha lisimfunze yeye kuziba nyumba yake. Mama alimwomba anyamaze. Bado alikuwa na matumaini. Alidhani akishatoa picha, jambo limekwisha.

Halikwisha. Jumapili iliyofuata aliitwa mbele baada ya matangazo. Alisimama chini ya mimbari na kitambaa kile kipya kichwani, kwa kuwa alidhani, mpaka dakika ile, kwamba huenda wakamsamehe na kumtawaza siku hiyo hiyo. Mzee Simiyu aliwaeleza washiriki kwamba dada yetu amekutwa na sanamu za kipagani nyumbani, kwamba amezipigia magoti na kuwafundisha akina mama wengine, na kwamba sasa atatubu dhambi ya kuabudu miungu, kisha kanisa limpokee. Alitakiwa kusema maneno matatu: niliabudu miungu mingine. Angeyasema yangekwisha palepale, na nadhani Mzee Simiyu mwenyewe alitaka yaishe, maana alikuwa akitazama saa. Mama aliinua mikono yake miwili. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nzito, ya nyumbani kwao, "Mzee, miungu ya baba yangu niliivunja na mikono hii. Baba yangu alikufa kama hajala chakula yangu. Leo nitubu ya wazungu, ambayo hata sikujua majina? Niliyemwomba mimi ni Mungu. Karatasi ilikuwa ya baridi."

Mimi nilikuwa benchi la tatu, upande wa watoto, hatua kumi kutoka kwake. Nilihitaji kusimama na kusema, "Ni mimi nilimdanganya." Hayo pia ni maneno matatu. Miguu ilikuwa yangu, ulimi ulikuwa wangu, na ulimi hauna mfupa, wiki kadhaa ulikuwa umezunguka vizuri tu. Nilikaa. Nilitazama mkeka wa sakafuni, nikahesabu vifundo vyake, nikasikia Mzee Simiyu akitangaza kwamba dada yetu amefungiwa meza ya Bwana mpaka atakapotubu, jina lake limeondolewa kwa mashemasi, na akina mama wasikutane kwake. Kisha kwaya ikaimba. Watu wengine hujisamehe makosa ya utotoni kwa kusema walikuwa watoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kila kitu.

Mama, aliyekuwa mjamzito wakati huo, aliendelea kwenda kanisani miezi miwili, akikaa benchi la nyuma, akitoka wakati wa ushirika kama wanavyotoka wasiobatizwa. Akina mama walimsalimia kwa mbali, huku wakiwa na haraka. Alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, yeye aliyekuwa akiwapelekea uji waliojifungua Munyaka nzima, aliletewa uji na Mama Wanjiru peke yake, ambaye hakuwa hata wa kanisa letu. Kisha akaacha kwenda. Ukuta ulizibwa tena kwa mifuko ya mbolea, ambayo haina picha, na nyumba ikanuka shamba mpaka mwaka ulipoisha. Aliendelea kuomba kila asubuhi pale pale, penye nafasi. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo sijawahi kuliandika. Mjomba alikuwa akituma barua kutoka nyumbani, na tangu nijue kusoma, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea mama. Baada ya mwaka ule hakunipa tena barua. Alizifunga ndani ya leso, akatembea nazo mpaka dukani, akangoja Mama Wanjiru amalize wateja, akasomewa na mtu wa kabila jingine habari za ugonjwa na vifo vya ndugu zake. Hakuwahi kunigombeza. Alinisomesha, akauza maziwa na sukumawiki kwa ajili ya karo yangu, akanipamba siku ya harusi yangu, lakini karatasi yenye maneno hakuniamini nayo tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua, na nikaendelea kunyamaza, miaka thelathini na kitu, kila mwaka nikijiambia ni wa mwisho.

Mama alifariki Februari hii. Kabla ya kufa alikuwa ameomba kitu kimoja, azikwe na kanisa, lile lile, wala si jingine. Baba alikuwa ametangulia, kwa hivyo mimi, mzaliwa wa kwanza, nikaenda kuomba. Lile jengo letu la mbao halipo. Kuna ukumbi wa mawe sasa, na viti vya plastiki, na skrini mbili, na pembeni pana madarasa ya watoto ya Jumapili. Nilipita mbele ya madarasa hayo nikasimama. Vijana wa kanisa walikuwa wameupaka ukuta rangi, mashujaa wenye misuli na majoho, mmoja ana nyundo, mwingine anaruka, na juu yao mstari wa Biblia kuhusu silaha za Mungu kwa herufi za kupendeza. Watoto wa siku hizi wanawajua wote kwa majina, wamo kwenye mifuko yao ya shule na kwenye keki zao, na hakuna mwinjilisti anayeuliza hekalu lao lilikuwa wapi. Sikuikasirikia picha. Nilimtafuta kwa macho mtu wa kumkasirikia, nikawaona wanawake wawili tu wakifagia.

Mchungaji ni kijana mpole, mwenye miwani, alizaliwa baada ya mambo yote haya. Alifungua kitabu kikuukuu cha washiriki, akateremka na kidole mpaka kwenye jina la mama, akasoma kilichoandikwa kando kwa wino uliofifia. "Hapa imeandikwa amefungiwa," alisema. "Kwani mama alikuwa amefanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, gundi, kasha, mabawa, mistari niliyowatilia vinywani, na jinsi nilivyokaa benchini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema kwa mtu. Mchungaji alisikiliza kwa makini. Nilipofika kwa Yusufu mwenye nyundo alianza kutabasamu, na nilipomaliza alikuwa amevua miwani akipangusa macho, kwa kicheko kisichokuwa na ubaya wowote. "Aki pole sana, Mama," alisema. "Pole. Lakini hizo zilikuwa tu katuni!" Akachukua kalamu ya mezani, kalamu ya kawaida ya samawati, akapiga mstari mmoja juu ya neno lile. "Sasa tumemaliza. Na wewe usijilaumu, ulikuwa mtoto. Kwaya itakuja Ijumaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimebeba vyeti vya mama vya kanisa, nilikuwa nimepanga maneno ya kumjibu, na nagundua sasa kwamba nilitaka akatae. Angekataa ningejua kwamba kilichomkalisha mama yangu nje kilikuwa kitu kizito, kitu ambacho watu wazima wenye akili wanaweza kukipigania. Kumbe kilikuwa chepesi wakati wote, mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kukitoa, siku yoyote, wakati mama angali na masikio ya kusikia. Nami nilikuwa na ulimi muda wote huo. Nilipewa msamaha kabla sijauomba, na mtu nisiyemkosea, naye aliyekosewa yuko mochari na karatasi ya jina imefungwa kwenye kidole cha mguu wake. Nilimshukuru mchungaji, maana tumefunzwa kushukuru, kisha nikamwuliza kwaya ni watu wangapi, ili nijue chai ya kupika.